Salesio Ndwiga, Spika Zake Mbili na Kaseti ya Wambeti

Baba Padri, wazee wetu, majirani wa Ishiara na wa Majimbo, wageni mliotoka Nkubu na Meru mjini, mimi ni Kithaka, mwalimu mstaafu, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya ndugu yangu Salesio Ndwiga Runji. Kamati ya mazishi ilinipa karatasi mbili zilizopigwa chapa, ikanipa na dakika kumi, nami nitajaribu kuziheshimu zote mbili, lakini katika mwaka wa 1991 kuna jambo ambalo kamati haikuliandika kwa sababu haikulijua, na mke wa marehemu, Virginia, aliyekaa pale nyuma na watu wa kwao, halijui pia, na ni kwa ajili yake hasa nimekubali kusoma. Nikifika hapo naomba fundi wa mitambo asinizimie maikrofoni, hata kama mwenyekiti wa kamati atampungia mkono.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1949, hapa hapa Ishiara, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Runji na mama yetu Wambeti, ambao wote wawili wametangulia, mimi nikazaliwa miaka minne baada yake. Alibatizwa misheni akapewa jina la Salesio, jina ambalo baba yetu alilitamka Tharethio mpaka siku ya kufa kwake, na marehemu hakuwahi kumsahihisha. Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1965 baada ya kurudia darasa moja, kisha kuanzia 1966 hadi 1968 akasomea umeme katika shule ya ufundi mjini Embu, alikotoka na cheti kizuri na tabia ya kugongagonga kila kitu kwa kidole ili asikie kinavyolia.

Mwaka 1969 aliajiriwa katika duka la redio mjini Embu, akafanya kazi huko hadi mwisho wa 1983, na kuanzia 1984 hadi 1988 alikuwa fundi wa umeme kule Kiambere wakati bwawa likijengwa, kisha akafungua kibanda chake mwenyewe nyuma ya soko la Embu, ambacho alikiendesha mpaka mguu ulipomkataa mwaka 2016. Waliompelekea redio wanajua kwamba hakuwa fundi wa haraka, ungeacha redio yako leo ukaambiwa urudi Alhamisi, ukirudi Alhamisi ukaambiwa kesho kutwa, lakini ikishatoka mikononi mwake ulikuwa umeachana na mafundi kwa miaka kumi.

Spika ambazo tangu juzi nawasikia watu wakizitaja kwa kunong'ona, kana kwamba marehemu alikuwa na mke wa pili, alizipata mwezi wa Juni 1974 kutoka kwa afisa mmoja wa kilimo, Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao, nazo hata wakati ule zilikuwa za zamani. Zilimfika mtu kiunoni, sanduku lake la mbao nzito ya rangi ya kahawa, mbele zimefunikwa kitambaa kilichopauka, na ndani yake kila moja ina ile sehemu inayotoa sauti, yenye karatasi nyeusi mbele na sumaku kubwa nyuma. Zililetwa Majimbo, mtaa wa Embu alikoishi, kwa mkokoteni, zimefungwa blanketi la kitanda chake, akalala bila blanketi wiki nzima kwa sababu lilichanika njiani.

Kwa ajili ya spika hizo alipata marafiki wawili wa kufa na kuzikana, nao wako hapa, Koome mwenye duka la nguo Meru mjini, ambaye ana za Kijapani zilizotoka kwenye baa iliyofungwa, na Mutembei wa Chuka, dereva wa lori, ambaye ana za Kijerumani ambamo panya wamezaa mara mbili na bado zinaimba. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi walikutana kwa mmoja wao, wakaketi kimya saa nzima wakisikiliza, kisha wakabishana mpaka chai ikapoa, huyu akisema sauti nene imezidi, yule akisema ni ukuta wa mabati ndio unaotetemeka. Niliwahi kumsikia Koome akimwambia, "Ndwiga, hiyo si spika, hiyo ni kabati, ambia Virginia aweke sufuria ndani," naye akamjibu, "Kabati haiwezi kukuambia mwimbaji ako na homa."

Mimi niliwatania, nikiwaambia ya kale ni dhahabu lakini nyinyi mnaokota hata kutu, mpaka siku moja marehemu aliponikalisha kwenye kiti fulani, akasogeza spika moja upana wa vidole viwili, akaniambia nifumbe macho. Alisema spika za siku hizi zinapiga kelele lakini zile za zamani zinasema, kwamba karatasi yake ni nyepesi na imekauka vizuri, na kwamba ukiziweka sawasawa sauti ya mtu haitoki kushoto wala kulia, inasimama katikati, mahali pasipo na kitu chochote. Nilifumba macho nikasikia mwanamume akiimba mbele yangu, umbali wa hatua mbili, nikafumbua kwa hofu nikaona sakafu tupu, na ndugu yangu akacheka sana.

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa kanisani Nkubu na Virginia Kanana, ambaye alikutana naye alipopelekwa kutengeneza kipaza sauti cha kwaya, akakitengeneza kwa siku nne kazi ya saa moja. Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kwanza msichana aliyezaliwa tarehe 22 Oktoba 1975, akapewa jina la mama yetu, Wambeti, kama ilivyo desturi yetu, na wa pili mvulana aliyezaliwa tarehe 6 Mei 1978, akapewa jina la baba yetu, Runji, huyu aliyeshika picha ya marehemu. Kwa kuwa alibeba jina la mama yangu, Wambeti nilimwita mama tangu akiwa kwenye kanga, naye alipojifunza kusema aliniita mtoto wake, akaniuliza kila nilipofika kama nimekula na kama nimenawa miguu.

Krismasi ya mwaka 1986, wakiishi katika nyumba za wafanyakazi kule Kiambere, marehemu alifunga kipaza sauti kwenye mgongo wa kiti, akamrekodi Wambeti akiimba wimbo wa Kimeru aliofundishwa na mama yake, na kabla hajaanza kuimba mtoto huyo anasikika akiuliza, "Baba, imeshika?" kisha anavuta pumzi, kisha anaimba beti tatu. Tarehe 9 Aprili 1987 Wambeti alifariki kwa malaria iliyopanda kichwani, akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja na miezi mitano, akazikwa hapa, hatua chache kutoka shimo hili mnaloliona.

Waliporudi Majimbo mwaka 1988 walianza mazoea ambayo watu wachache waliyajua, kwamba kila Jumapili wakitoka kanisani, kabla ya chakula, marehemu aliweka kaseti ile, Virginia akaketi kwenye kile kiti, na mtoto akasimama katikati ya spika akauliza kama imeshika. Hakuna aliyeruhusiwa kuweka meza wala stuli mahali pale, hata wageni walizungushwa kando, na mimi nimemwona kwa macho yangu Virginia akitazama sakafu ile, akitikisa kichwa polepole kwa kumjibu mtoto kwamba ndiyo, imeshika. Walisikiliza mara moja tu, kwa sababu kaseti huchakaa, kisha Virginia akaenda jikoni kupakua chakula.

Virginia aliomba kitu kimoja, na hapa sitamtetea ndugu yangu, kwa sababu aliombwa mbele yangu si mara moja. Alisema, "Baba Wambeti, nitolee tu kopi moja, hata ikiwa mbaya, nikae nayo," naye akakataa kila mara, akisema kopi inakula sauti, kwamba ile pumzi ya kwanza itapotea, kwamba hawezi kumpa mke wake mtoto nusu. Alikataa kwa mapenzi, kwa kiburi cha watu wanaojua vyombo, na kwa sababu hiyo duniani kote sauti ya Wambeti ilikuwa kwenye utepe mmoja, ndani ya kabati moja, Majimbo.

Sasa nimefika mwaka wa 1991, na karatasi ya kamati inasema hivi, nanukuu, kwamba mwaka huo familia ilipatwa na msukosuko kufuatia uzembe mdogo wa marehemu wa kuacha kaseti karibu na sumaku, na mwaka 1992 mkewe akahamia Nkubu. Hivyo ndivyo mlivyojua, ndivyo Virginia alivyojua, na ndivyo ndugu yangu mwenyewe alivyoamini mpaka akafa. Huo uzembe wa marehemu si kweli hata neno moja, na mtu pekee aliyejua kwamba si kweli ni mimi ninayesoma.

Jumamosi ya tarehe 14 Septemba 1991 nilifika Majimbo nikitoka shuleni, nikamkuta marehemu ameifungua spika ya kushoto, kwa sababu ukingo wa ile karatasi ulikuwa umepasuka, naye alikuwa akishona mwingine wa ngozi ya mwanambuzi iliyokwanguliwa ikawa laini kama kope. Ile sehemu ya ndani ilikuwa juu ya meza ya chumba cha nyuma, imelazwa kifudifudi, sumaku ikitazama juu. Alipotoka kwenda kununua uzi, na Virginia akiwa shambani, nilifungua kabati nikachukua kaseti, kwa nia ambayo niliiona njema, kwamba niipeleke mjini kwa mtu mwenye mashine ya kaseti mbili, anitolee kopi kwa siri, nimpe shemeji yangu siku ya Krismasi. Nilirudi chumba cha nyuma kuchukua koti, nikahitaji mikono yote miwili kulivaa, nikaiweka kaseti juu ya kitu kilichokuwa karibu, na kitu hicho kilikuwa sumaku.

Wakati uleule Virginia akaingia akaniita chai, nami nikaogopa kuonekana na kaseti mkononi, nikaiacha, nikaenda kunywa chai nusu saa nzima nikizungumza habari za bei ya maharagwe. Niliporudi kuichukua ilikuwa imenata kidogo, niliivuta ndipo ikatoka, na hapo moyo wangu ulijua, kwa sababu ndugu yangu alikuwa ametuambia mara mia kwamba sumaku hula utepe. Nilisikia mlango, nikaikimbiza kabatini, nikajiambia kwamba nusu saa si kitu.

Siku ya pili, Jumapili, spika ikiwa imesharudishwa na kufungwa, tuliketi sote. Kaseti ilitoa mvumo, kikaja kipande cha sauti kikazama, kikaja kingine kikazama, kisha mvumo mtupu mpaka mwisho, na hakuna aliyeuliza kama imeshika. Marehemu aliirudisha nyuma akaiweka tena mara tatu, akaitoa, akaenda chumba cha nyuma akaitazama ile meza kwa muda mrefu, akarudi akasema, "Ni mimi. Jana niliitoa kuipangusa vumbi. Lazima niliiweka pale." Hakukumbuka kuiweka, alikumbuka tu kuipangusa, lakini katika nyumba ile hakuna mwingine aliyethubutu kuigusa, akajihukumu kwa hesabu ya kifundi. Virginia alimwambia maneno matatu tu, "Nilikuomba kopi moja," nami nilikuwa nimekaa baina yao, na mdomo wangu ulikuwa mzima, na sikusema.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na ndugu yangu alinivika, alinilipia mwaka wa kwanza wa chuo cha ualimu, aliniita pembeni kuniomba ushauri jinsi ya kumtuliza mke wake, nami nikampa ushauri. Januari 1992 Virginia aliondoka na Runji, na kwa miaka ishirini na saba yeye na mumewe hawakukaa chumba kimoja ila siku mbili, siku Runji alipohitimu na siku alipooa. Watu wa Majimbo walisema mwanamke hawezi kumwacha mume kwa sababu ya kaseti, na watu wa Nkubu walisema mwanamume gani huyu anayethamini mashine kuliko mtoto, na mimi niliitikia kwa kichwa pande zote mbili.

Marehemu hakuoa tena, wala hakuziuza spika, ingawa Koome alizitamani waziwazi na hakuficha. Mlidhani ni ukaidi wa mpenda vyombo, lakini ukweli ni kwamba alikuwa ameingiwa na imani kwamba sauti ya Wambeti haikufutika yote, kwamba imebaki chini ya ule mvumo, na kwamba akizitengeneza spika zile zikawa safi kupita kiasi, iko siku zitamtoa. Kwa hiyo alibadilisha nyaya, akabadilisha ngozi, akajaza sufu ya kondoo ndani ya sanduku, akavunja dari akaweka ya mbao, na baada ya kila kazi aliniita, akanikalisha kwenye kiti cha Virginia, akaniuliza, "Mwalimu, wewe uko na masikio mazuri, hapo, hapo hapo, si kuna kitu kama pumzi?" Nami, kwa huruma nilidhani, lakini ilikuwa woga, nilimwambia ndiyo, nasikia kitu.

Mwaka 2008 alipatikana na ugonjwa wa kisukari, mwaka 2011 masikio yakaanza kuziba, la kushoto kwanza, kisha la kulia, mpaka 2014 hakusikia mlango ukigongwa, mwaka 2016 mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti, na Oktoba 2018 figo zikagoma. Jumamosi ya tarehe 2 Februari mwaka huu wa 2019, nikiwa peke yangu naye hospitalini, niliinama kwenye sikio lake nikamweleza yote niliyowaeleza nyinyi, kwa sauti kubwa kiasi kwamba muuguzi aligeuka, naye akanitazama kwa upole, akaniambia, "Eeh, hata huku joto limezidi." Hakusikia. Mimi ni mwalimu, nimeandika ubaoni miaka thelathini na minne, kalamu ilikuwa mfukoni na karatasi ya dawa ilikuwa pale kitandani, ningeandika mstari mmoja angeusoma, na sikuuandika, nikajiambia kwamba nimeshamwambia. Alifariki Ijumaa ya tarehe 8 Februari, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa na miezi kumi na moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miaka yote hii bila kumchoka, majirani wa Majimbo waliompikia uji na kumsukuma kwa kiti chake hadi kanisani ingawa hakusikia mahubiri, mafundi wenzake wa sokoni waliofunga vibanda leo, Padri na wanakwaya, Koome na Mutembei walioendelea kuja kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakaketi na kiziwi mbele ya spika, wakamwandikia kwenye daftari kile kinachopigwa na jinsi kinavyosikika. Spika ziko nyumbani na ni nzima, na Koome, usiniulize tena, zitakwenda anakotaka Virginia.

Mama Wambeti, sikuombi unisamehe mbele ya watu, maana hiyo itakuwa kukulazimisha, na mzee wa miaka sitini na mitano aliyeachia nyumba ya ndugu yake ibomoke ili asiaibike kwa kikombe cha chai hana haki ya kukulazimisha kitu. Nataka tu ujue unayemzika. Alikukatalia kopi, hilo ni lake, lakini kaseti hakuiweka yeye pale.

Jumatano nilipofungua kabati kutafuta kitambulisho chake niliikuta kaseti, na ndani ya kasha lake karatasi iliyokunjwa, yenye mwandiko wa marehemu, mstari mmoja kwa kila tarehe 9 Aprili aliyoisikiliza, nami nasoma kama ulivyo. 1993, mvumo tu. 1996, ngozi mpya kushoto, mvumo tu. 1999, dari ya mbao, mvumo tu. 2004, sufu ya kondoo, labda pumzi moja, Kithaka pia amesikia. 2005, nimetafuta pale Kithaka aliposikia. 2006, nimetafuta. 2007, nimetafuta. Na mstari wa mwisho ni wa 2011, nao unasema, sasa sijui kama ni kaseti au ni masikio yangu.

Ilikuwa kaseti, kaka, masikio yako yalikuwa mazima, na mimi sikusikia chochote. Pumzika sasa, Salesio, kwa ile amani niliyokunyima.